Namba za Kiganjani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta dirisha la chumba tunacholala mimi na mdogo wangu. Nyumba yetu iko pale mlima unapoanzia, mahali ambapo mabasi yote ya Njia ya Nne huongeza nguvu ili yapande hadi hospitali. Mabasi ya dizeli yakiongeza nguvu hutema moshi, na moshi ule ulikuja moja kwa moja dirishani kwetu. Nilipomaliza kufuta, kitambaa kilikuwa cheusi. Nilipogeuka, nilimkuta mdogo wangu amekaa kitandani, mabega juu, akivuta hewa kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Mdogo wangu ana pumu. Ana miaka saba na sote tunamwita Kitinda, kwa sababu ndiye wa mwisho kuzaliwa. Mimi nina miaka kumi na miwili, na watu wa karakana ya mabasi wananiita Karani. Jina hilo lina kisa chake. Kisa chenyewe kinanitia aibu, lakini nitakisimulia chote, maana kusimulia nusu ndiko kulikoniponza.

Mama yetu ni dereva wa basi. Kwa miaka kumi na mmoja aliendesha basi kuukuu kuliko yote pale mjini, ambalo abiria walilibandika jina la Jiko. Ukikaa kiti cha nyuma cha Jiko, ulishuka umeiva. Mama mwenyewe alirudi nyumbani akinuka dizeli, na Kitinda alikuwa hamkumbatii mpaka aoge.

Kisha halmashauri ya mji ikaleta basi moja la umeme. Mji wetu si mkubwa wala si mdogo, una mabasi thelathini na mawili tu, na wakubwa walitaka kujua kama mji wa kiasi hicho unaweza kuyabadilisha yote. Basi lile lingejaribiwa kwa siku thelathini katika Njia ya Nne, njia yenye mlima, na Mama ndiye aliyechaguliwa kuliendesha. Jiko likapelekwa kupumzika uani kwa karakana.

Siku ya kwanza nilisimama nje na ndoo ya maji nikilisubiri. Nilitega masikio barabarani, sikusikia kitu. Nilipogeuka, basi zima lilikuwa limesimama hatua tatu kutoka mgongoni kwangu, Mama akinichekea kupitia kioo. Nilishtuka hata ndoo ikaniponyoka na maji yote yakaingia viatuni. Tangu siku hiyo watoto wa mtaa wakaliita Kimyakimya.

Wiki moja baadaye nilishtuka kwa jambo jingine. Nilifuta dirisha na kitambaa kikabaki kijivu, hakikuwa cheusi. Kitinda alikuwa bado amelala fofofo, mdomo wazi, na kifua chake hakikutoa sauti yoyote. Nilimwita Mama aje aone. Tulisimama pale mlangoni sote wawili tukimtazama mtoto aliyelala, kana kwamba hatujawahi kumwona mtu amelala.

Basi hapo nikaapa moyoni kwamba Kimyakimya halitaondoka Njia ya Nne.

Lakini kulikuwa na sharti. Kila siku basi lilifanya safari sita za kwenda na kurudi, na baada ya safari ya sita dereva alijaza fomu kueleza betri imebaki asilimia ngapi. Meneja wa karakana, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwatangazia madereva kwamba siku basi litakaporudi na chini ya asilimia ishirini, atalihamishia njia ya tambarare upande wa pili wa mji. Mlima angeuachia dizeli kama zamani.

Meneja huyo alikuwa na jambo jingine: hakutaka kabisa kuona fomu iliyofutwafutwa. Ukikosea ukakwaruza, anakurudishia. Na Mama, ambaye huona mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua, vitu vya karibu havioni bila miwani ya kusomea. Miwani hiyo Kitinda aliikalia ikavunjika siku ya tatu ya majaribio. Ikawa kila akimaliza safari Mama anaandika namba kiganjani kwa kalamu, kubwakubwa kama za mlango wa nyumba. Jioni akirudi, ananyoosha mkono mbele kwa urefu wake wote na kunisomea, nami nampa mwandiko.

Ili nisiharibu fomu, kwanza niliandika nyuma ya daftari langu la hisabati. Niliandika kila alichosema, kupanda kumekula ngapi na kushuka kumerudisha ngapi, kwa sababu basi lile likishuka mlima huirudishia betri umeme kidogo. Kama alisema mvua imenyesha au watu wamesimama mpaka mlangoni, niliandika pia. Kisha nikachukua ile namba ya mwisho peke yake na kuihamishia kwenye fomu kwa mwandiko wa duara. Mama akatia sahihi, ambayo hata akifumba macho anaitia. Meneja alizisifu fomu zile, na ndipo karakana nzima ikaanza kuniita Karani. Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Katikati ya siku hizo nilimpeleka Kitinda kliniki. Muuguzi alimuuliza kama bado anakohoa asubuhi. Mdogo wangu akatikisa kichwa, akasema hakohoi kamwe, na hata mchana hakohoi. Nilimgeukia kwa hasira. Nilijua anaogopa sindano.

"Sema kweli," nilimwambia. "Ukimficha muuguzi, atakupaje dawa?"

Muuguzi alicheka, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akamwahidi Kitinda kwamba siku hiyo hakuna sindano. Hapo Kitinda akakiri kwamba anakohoa kidogo, siku ambazo basi jingine la dizeli linapita karibu. Nilitoka pale nikijiona mtu mzima mwenye hekima zake.

Siku ya kumi na mbili ilinyesha mvua kubwa. Mama alirudi amechoka, akanyoosha mkono, akasoma namba ya mwisho.

"Kumi na saba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Aliirudia. Nikaiandika nyuma ya daftari. Mama alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba basi kesho huenda Meneja akalihamisha, hakuna la kufanya, kisha akainuka kwenda kumkanda Kitinda kifua kwa mafuta. Nilibaki mezani na fomu tupu. Niliwaza kile kitambaa cheusi. Niliwaza mabega ya mdogo wangu. Halafu nikaihamishia namba kwenye fomu, na ile moja ya mbele nikaifanya mbili. Ni mkato mdogo wa kalamu, kwa mwandiko wa duara haukuonekana hata kidogo. Ishirini na saba.

Mama alirudi, akaishika fomu kwa mbali, akatia sahihi.

Nilijiambia ni mara moja tu. Lakini uongo ukishaingia nyumbani hutaka kitanda. Kesho yake mvua haikunyesha, ila ilikuwa siku ya kutazama wagonjwa na basi lilijaa pomoni: kumi na nne ikawa ishirini na nne. Kwa jumla nilibadilisha fomu nane. Siku ambazo namba ilikuwa nzuri niliiacha kama ilivyo, na siku hizo nilijihisi mwaminifu kabisa.

Mama alishangaa kidogo kwamba hakuna aliyelihamisha basi. Alidhani Meneja amelegeza sharti lake. Kisha jioni moja akaja na habari: Meneja ameongeza safari ya saba, ya saa tisa alasiri, na kwa kuwa zamu ya Mama huishia ya sita, safari hiyo itaendeshwa na dereva mwingine.

"Nimemwambia basi linarudi limechoka," Mama alisema, akivua viatu. "Kanijibu kwamba amezisoma fomu zangu zote na ameridhika. Haya, wenye hesabu zao wanajua."

Nilimwagia chai vidole vyangu mwenyewe. Ile ndiyo ilikuwa saa ya kusema. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikasema chai ni ya moto.

Jumatatu, siku ya kwanza ya safari ya saba, Kitinda alikuwa na miadi tena kliniki. Tulipanda pale chini ya mlima, tukapata kiti cha mbele kabisa. Dereva alikuwa mzee tunayemwita Babu Gia, kwa sababu basi la umeme halina gia lakini mkono wake wa kushoto bado ulizitafuta. Nilimwamkia, akaniitikia kwa kicheko, akasema mkono wake umezoea kuwa na kazi na sasa unadhani umestaafishwa. Basi lilijaa. Kulikuwa na bibi mwenye chupa ya chai ya mgonjwa wake, kijana anayetembelea magongo, na wengine wengi wamesimama.

Babu Gia hakuondoka mara moja. Alikuwa anatazama namba kwenye dashibodi, akampigia simu Meneja. Nilimsikia akisema kwamba betri ina kumi na nane, je, itafika? Sauti ya Meneja ilisikika hata kwangu. Alisema kwamba kwa nini leo iko chini ya ishirini atauliza baadaye, lakini kwa mujibu wa fomu, safari nzima, kwenda na kurudi, inakula kumi na mbili, kwa hiyo itatosha na itabaki. Babu Gia akasema sawa, akaachia breki.

Nyuma ya daftari langu kulikuwa na namba zote za kweli, na nilizijua kwa moyo. Basi likijaa, kupanda peke yake kunakula kumi na tisa, wakati mwingine ishirini. Katika basi lile zima, watu zaidi ya hamsini, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hatutafika. Nami nilikaa kimya. Nilijiambia labda leo itakuwa bahati.

Kumi na tano. Kumi na mbili. Nyumba za mlimani zilipita taratibu. Tisa. Kitinda alikuwa akihesabu miti kwa sauti. Sita. Taa nyekundu ikawaka, na kengele ndogo ikaanza kulia. Babu Gia akazima feni zote. Tatu. Basi likaanza kutambaa. Tulikuwa tumeshaliona geti la hospitali pale juu, jeupe, liko karibu kabisa, na hapo Kimyakimya likasimama.

Babu Gia alivuta breki ya mkono, akawaambia watu watulie, akatuma vijana wawili wateremke na kuweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu. Kisha akasema kwa upole kwamba wenye miguu watalazimika kumalizia kwa miguu. Yule bibi alishuka na chupa yake ya chai. Yule kijana wa magongo alishuka kinyumenyume, ngazi moja moja, watu wawili wamemshika kwapani, na jasho lilimtiririka. Nilitazama chini, nikabaki na Kitinda kando ya basi, maana mlima ule kifua chake hakiuwezi.

Mabasi mengine hayakuweza kupita kwa sababu tuliziba njia. Ikabidi waite gari la kutuvuta. Na gari pekee lenye nguvu ya kuvuta basi mlimani, pale karakana, lilikuwa Jiko.

Lilikuja likinguruma. Lilizungukia barabara ya nyuma ya hospitali, likaja mbele yetu, likafungwa mnyororo, na lilipovuta, moshi mweusi uliteremka barabarani kama blanketi. Nilimziba Kitinda pua kwa sketi yangu, lakini alikuwa ameshauvuta. Mabega yakapanda. Midomo yake ikabadilika rangi. Nilimtilia mdomoni kichupa chake cha dawa ya kuvuta, akavuta mara mbili, tatu, na bado hewa haikuingia vizuri. Aliniangalia. Hakuweza kusema, ila aliniangalia.

Sijui Babu Gia alitokea wapi. Alimnyanyua mdogo wangu, akamweka mgongoni, na mzee yule wa miaka sitini akapanda mlima anakimbia. Nilikimbia nyuma yake nikilia, daftari limebanwa kwapani, wala sijui kwa nini sikulitupa.

Muuguzi alimpokea, akamwekea barakoa ya hewa. Baada ya saa moja Kitinda aliomba maji. Baada ya saa na nusu aliuliza kama Kimyakimya limekufa. Mama alikuwa ameshafika, amekaa kando ya kitanda, anamshika mguu kana kwamba angeruka. Daktari alituambia tumshukuru aliyembeba, kisha akaturuhusu kwenda. Simu ya Mama ililia tukiwa bado getini. Meneja alimtaka ofisini, na kwa kuwa hakuwa na wa kutuachia, tulikwenda sote watatu.

Ofisi ya Meneja ina dirisha linalotazama uani. Ndani walikuwemo Meneja, Babu Gia ambaye shati lake lilikuwa halijakauka jasho, na mhandisi wa halmashauri, mwanamke kijana mwenye viatu vya kazi na kompyuta ndogo mapajani. Mhandisi alieleza kwamba amefungua kumbukumbu iliyohifadhiwa na basi lenyewe, akailinganisha na fomu. Siku nane zinatofautiana.

"Zingetofautiana kidogo huku na kidogo kule, ningesema ni makosa," alisema. "Lakini kila siku ni kumi kamili. Hakuna kosa linalopenda kumi kiasi hicho."

Meneja alizipanga fomu nane mezani mbele ya Mama. Mama aliichukua ya kwanza, akanyoosha mkono kwa urefu wake wote, akaitazama. Akaichukua ya pili. Nilimwona akielewa. Uso wake haukukasirika, ulishtuka tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Aliizungusha shingo polepole mpaka macho yake yakanifikia pale mlangoni, nikiwa nimemshika Kitinda mkono. Kisha akazirudisha fomu mezani.

"Sahihi ni yangu," alisema.

Meneja alisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Basi akamwambia aache kadi ya kuendeshea basi, amesimamishwa kazi mpaka suala lake liamuliwe. Mama aliitoa kadi shingoni, akaiweka juu ya fomu. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, mzima, na haukusogea. Mama yangu, ambaye hajawahi kupita taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, alikuwa anafukuzwa kwa uongo, na mwongo alikuwa amesimama mlangoni amevaa sare za shule.

Tulipofika nyumbani hakunigombeza. Ningepona kama angenigombeza. Alikwenda kwenye beseni, akachukua sabuni, akaanza kusugua kiganja. Namba za siku ile zilikuwa bado zipo, na wino haukutaka kutoka. Alisugua, akasugua. Nikamuuliza, kwa sauti isiyofanana na yangu, kwa nini hakusema ni mimi.

"Nimesema sahihi ni yangu kwa sababu ni yangu," alijibu bila kugeuka. "Nilitia sahihi kitu ambacho sikukisoma, na kwa hilo nitajibu mimi. Mwandiko si wangu. Mwenye mwandiko anajijua."

Nikaanza kujitetea. Nikasema ni kwa ajili ya kifua cha Kitinda, kwamba nilitaka tu basi libaki, kwamba namba mbaya zingeliondoa. Kitinda alikuwa amelala kwenye mkeka, tulidhani amesinzia. Akainua kichwa.

"Lakini Dada, si uliniambia nikimficha muuguzi, hatanipa dawa?"

Hakukusudia kunisuta. Aliuliza tu, kwa sababu alitaka kujua. Nikakaa chini palepale sakafuni, nikalia mpaka Mama akaja na mkono wake wenye povu akanishika kichwa.

Asubuhi sikufuta dirisha. Nilichukua daftari la hisabati nikaenda karakana kabla ya kengele ya shule. Mama alitembea nami hadi getini, akasimama hapo, akasema kutoka hapo miguu ni yangu. Uwanja ule haujawahi kuwa mpana kiasi kile. Mhandisi alikuwa chini ya Kimyakimya, viatu tu vinaonekana, na Meneja amesimama pembeni na Babu Gia. Niliwaamkia. Kisha nikasema yote, tangu kumi na saba ya kwanza. Nikasema pia kwamba nilikuwepo kwenye kiti cha mbele, nikasikia ile simu, nikanyamaza. Hapo Babu Gia, ambaye huwa ana mzaha kwa kila jambo, alinitazama bila mzaha.

"Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu," alisema. "Yako imeishia mita mia mbili kabla ya hospitali."

Mhandisi alikuwa ameshatoka chini ya basi. Nilimpa Mhandisi daftari. Alilifungua nyuma, na alipoanza kusoma akaacha kunitazama. Akageuza ukurasa. Akakaa kwenye ngazi ya basi. Aliniuliza ni nani aliyeniambia niandike kupanda na kushuka kila safari, na mvua, na watu waliosimama. Nikamjibu hakuna, ni Mama tu ndivyo alivyokuwa akinisomea. Alimwita Meneja, akamwonyesha kwa kidole. Kumbukumbu ya basi ilijua betri imebaki na ngapi mwisho wa siku, lakini haikujua ni kwa nini. Daftari langu lilijua. Siku mbaya zilikuwa ama za mvua ama za kutazama wagonjwa, na hata siku hizo, hadi safari ya tatu basi lilikuwa bado na nguvu.

"Halijashindwa na mlima," alisema Mhandisi. "Lina njaa. Dereva anakula mchana, nalo lile. Nusu saa kwenye chaja saa sita, litapanda hata mara nane." Kisha akamgeukia Meneja, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. Alimwambia kwamba kama mtu anajua namba mbaya itamnyang'anya basi, asishangae akiletewa namba nzuri, na kwamba sharti la asilimia ishirini lifutwe siku hiyohiyo. Meneja alichomoa kalamu mojawapo, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akakubali kwamba hilo ni kosa lake, na kwamba Mama alipomwambia basi limechoka alipaswa kumsikiliza yeye, si karatasi.

Halafu Mhandisi akanigeukia mimi.

"Sikia, Karani. Sisi tunataka kununua mabasi thelathini na moja mengine. Tungeyanunua kwa namba zako za kwenye fomu, tungekuwa na mabasi thelathini na moja yamekwama mlimani, na watu wangesema umeme haufai, warudishiwe dizeli. Ulitaka kumlinda mdogo wako, na ungewaletea moshi watoto wa mji mzima. Namba mbaya si adui. Inakuonyesha panapouma. Ukiifuta, maumivu hayaondoki, anayeondoka ni daktari."

Hawakuniacha hivihivi. Ilinibidi niziandike upya zile fomu nane, na mwisho wa kila moja niandike kwamba ya kwanza niliibadilisha mimi. Nilikwenda pia na Babu Gia hospitalini kumwomba radhi yule kijana wa magongo, ambaye alikuwa akija kila siku kwa mazoezi ya mguu. Alinisikiliza, akaniuliza kama nitamchukulia maji, nikamchukulia kwa wiki nzima. Mama alirudishiwa kadi yake lakini alipewa barua ya onyo kwa kutia sahihi bila kusoma, na wiki moja aendeshe Jiko. Alirudi kila siku ananuka dizeli, na Kitinda akamkimbia kama zamani. Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko zote.

Sasa Kimyakimya lina kibao cha Njia ya Nne, na kila saa sita mchana husimama chini ya paa la karakana likila umeme, Mama kando yake akila mkate. Safari ya saba ipo na inafika. Halmashauri imeagiza mabasi mengine sita kwa kuanzia, yote ya njia za mlimani.

Juzi ilinyesha mvua ya kutisha, na umeme ulikatika mchana kabla basi halijashiba. Mama alimpigia Meneja simu kwamba siku hiyo safari ya saba isiwepo, na Meneja akamkubalia bila neno. Jioni aliketi mezani akanyoosha kiganja.

"Kumi na moja," alisoma.

Kalamu ilisimama hewani. Ni mazoea mabaya, mkono hukumbuka. Kisha nikaandika moja, na pembeni yake moja nyingine, kwa mwandiko wa duara, na chini nikaandika: mvua, umeme umekatika saa sita. Nikamsogezea Mama fomu. Akatoa miwani yake mpya mfukoni, akaivaa, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kusoma polepole hadi wa mwisho, midomo ikitikisika. Alipomaliza, aliniangalia juu ya miwani, kisha akatia sahihi.